Mbona meli ya chuma haizami? Somo kwa darasa la pili

Swali: Nafundisha darasa la pili hapa Ujiji. Watoto wanashikilia kwamba kizito huzama na chepesi huelea. Nilipowauliza mbona Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ni ya chuma na haizami, mmoja akajibu, "Ina injini, mwalimu," na darasa zima likamuunga mkono. Nianzie wapi, nami sina maabara?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, anzia kwenye jibu la huyo mtoto, maana amefikiri. Muulize: meli ikiwa gatini, injini imezimwa, huwa inazama? Watoto wa Ujiji wameona vyombo vimetia nanga; watalipangua wenyewe.

Kisha leta beseni la maji na udongo wa mfinyanzi. Viringa tonge, watabiri kwanza, ndipo ulitumbukize. Linazama. Udongo uleule, bila kuongeza wala kupunguza, ufinyange uwe mtumbwi wenye kuta nyembamba, uupake mawese usilowe upesi. Unaelea. Hapo nyamaza, waache wabishane.

Wengi huishia hapo, ilhali utamu ndio unaanza. Kata dumu jembamba linaloonyesha, tia maji, piga alama kwa kalamu. Tonge likizama, maji hupanda kidogo. Mtumbwi ukielea, hupanda zaidi. Mtumbwi umesukuma maji mengi kuliko tonge, nayo maji yanausukuma juu kiasi cha kuubeba. Kwa umri wao yanatosha. Kanuni ya Archimedes wataikuta sekondari. Waeleze pia kwamba Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Kipande kimoja cha bamba lake kingetupwa majini peke yake kingezama.

Kipindi kinachofuata ni cha uhandisi. Kila kikundi kipewe konzi moja ya udongo, kiunde mtumbwi wa kubeba vizibo vingi vya soda. Konzi zilingane, la sivyo mashindano hayana maana. Wewe usiunde wa mfano, watauiga wote. Fanyeni kwenye mabeseni, si ufukweni.

Mitumbwi itazama, na hilo ndilo tunalolitaka. Waulize maji yaliingilia upande gani. Mara nyingi wamerundika vizibo pembeni, au ukuta mmoja ni mfupi. Wakishaonyesha mahali penyewe kwa kidole, warudishie udongo uleule waunde upya.