Jibu: Dengu Korogwe, nipande masika ya kwanza kama mahindi?

Mkuu umeuliza kama eka zako 2 za Mkomazi unaweza kupanda dengu mvua za masika zikianza tu. Usifanye hivyo ndugu yangu, dengu sio mahindi, mvua nyingi inaozesha mizizi na ikikutana na maua yanadondoka. Wenzetu Shinyanga na Mwanza wanapanda mvua zikiwa zinaisha, kwenye zile mbuga nyeusi (mabonde ya udongo mweusi) walikovuna mpunga, halafu mmea unakula unyevu uliobaki chini maana mzizi wake unaenda mbali sana. Kwako wewe ni kama mwishoni mwa Mei hivi, na shamba liwe la udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ni kichanga achana nalo kabisa, weka choroko.

Shimo usifukie juu juu, shuka sentimita 5 mpaka 8 mbegu ikute unyevu, mstari kwa mstari 30, mbegu kwa mbegu 10. Mbegu uliza za TARI Ukiriguru (kituo cha utafiti wa kilimo), zile za dukani za kupikia huwezi jua zimetoka wapi.

Kinachotia watu hasara hasa ni funza wa vitumba, anatoboa kitumba (ganda la dengu) anakula punje ndani we unaona shamba linapendeza tu. Maua yakianza pita kila baada ya siku mbili tatu, geuza majani, usisubiri uone matundu. Na shamba ambalo dengu zilinyauka kwa ugonjwa mwaka jana usirudishie dengu, weka mtama. Vaa mikono mirefu pia, majani yake yana asidi yanawasha balaa.