Vibuyu vinne vya wimbi: je, DNA itasema ni mbegu moja?

SWALI: Mhariri, marehemu mama mkwe aliniachia vibuyu vinne vya mbegu za wimbi. Viwili ni vya wimbi jekundu, kimoja ni cha jeusi, na cha nne ni cha lile ambalo suke lake hujikunja kama ngumi. Shemeji anasema zote ni mbegu moja iliyobadilishwa na udongo, nichanganye nipande. Nasikia DNA hutoa ukweli. Huutoaje? Na ikisema viwili ni sawa, nimwage kimoja?
Msomaji, Busia

JIBU: Mama, usichanganye kwanza. Urefu wa mmea na wingi wa mavuno hubadilika kwa mvua na mbolea, na rangi ya punje inaweza kutofautiana hata kati ya mimea yenye undugu wa karibu sana. DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyo ndani ya jani, haibadiliki kwa sababu wimbi limehamishwa kutoka shamba la mfinyanzi hadi la kichanga, na ndiyo maana watafiti huitegemea.

Mara nyingi hupimwa mikrosatelaiti, yaani sehemu ambazo herufi chache za DNA hurudiwarudiwa, kwa mfano GA, GA, GA. Mmea mmoja unaweza kuwa na marudio 12 na mwingine 17 mahali pale pale. Jani changa husagwa, DNA ikatolewa, kisha sehemu hiyo ikanakiliwa mamilioni ya mara kwa mbinu ya PCR, aliyoibuni Kary Mullis wa Marekani mwaka 1983. Nakala hutiwa kwenye jeli na kupitishiwa umeme; kwa kuwa DNA ina chaji hasi, huvutwa upande wa chanya, na vipande vifupi huvitangulia virefu, kila urefu ukionekana kama mstari wake. Sehemu moja haithibitishi lolote, kwa hiyo hulinganishwa nyingi. Siku hizi hupimwa pia tofauti za herufi mojamoja, maelfu kwa mpigo.

Wimbi lina ugumu wake. Kromosomu zake 36 zimetoka kwa mababu wawili wa aina tofauti, hivyo mistari miwili kwenye jeli huenda isiwe dalili ya mbegu chotara, bali kila babu ametoa wake. Tena, wimbi hujichavusha lenyewe kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo kila suke huzaa watoto wanaofanana nalo. Lakini mama mkwe bila shaka alikuwa akijaza kibuyu kwa masuke mengi, na kibuyu kimoja kinaweza kubeba koo kadhaa. Anayechukua jani moja tu kwa kila kibuyu atapata jibu la mmea ule, si la kibuyu. Sisitiza wapime mimea kadhaa kwa kila kimoja.

Kuhusu kumwaga, la hasha. Nyingi kati ya alama hizi, yaani sehemu za DNA zinazopimwa, ziko nje ya jeni zinazoufanyisha mmea kazi. Vibuyu viwili vinaweza kulingana katika alama zote 20 zilizopimwa, kumbe kimoja kina jeni ya kustahimili ugonjwa wa blasti, ukungu unaonyausha shingo ya suke, na kingine hakina. Hilo huonekana shambani. Panda kila kibuyu kwenye mistari yake, utie kijiti chenye jina, na uangalie ni mistari ipi ambayo shingo za masuke yake hazinyauki. Bakiza pia konzi chache za kila kibuyu mahali pakavu, na nyingine uziombee nafasi katika benki ya taifa ya mbegu kule Muguga.