Seli za hamira kubeba kurkumini: zife au ziwe hai?

Seli za hamira hutumika kama vifuko vidogo vya kubebea na kulinda viambato vya chakula, na si lazima seli iwe hai. Mara nyingi hutumika hamira iliyokwisha kufa, kwa sababu utando wake huwa umelegea na kurkumini (kiambato kinachoipa bizari rangi ya njano) hupenya kirahisi. Seli ya hamira (kitaalamu Saccharomyces cerevisiae) ina upana wa mikromita 5 hadi 10 hivi. Kinachofanya kazi ya ulinzi hasa ni ukuta wake wa nje, uliojengwa kwa beta-glukani (aina ya wanga), manoprotini (protini zilizoungana na sukari) na kitini kidogo (nyuzi ngumu kama za gamba la mdudu): hupunguza mwanga na oksijeni inayofikia kilichomo.

Kujaza ni kukoroga tu hamira, maji na kiambato kwa saa kadhaa (kurkumini huanza kuyeyushwa kwenye ethanoli), kisha kuosha na kukausha. Wengine hutangulia kuinyonya seli maji kwa chumvi, ili ipatikane nafasi ndani.

Ila usitarajie kila kitu kikae humo. Vinavyopenda mafuta, mfano limonene (kiambato chenye harufu cha maganda ya machungwa), hushika vizuri. Vinavyoyeyuka majini, kama vitamini C, huvuja kirahisi zaidi. Halafu kuna ladha ya hamira yenyewe. Kwenye mkate haina neno, lakini kwenye kinywaji chepesi mnywaji ataisikia.