Fomu ya bima iko mezani kwa meneja

SWALI

Shikamoo mama. Nakaa Maweni hapa Malindi, nina mume na mtoto mmoja. Nafanya kazi ya vyumba katika hoteli moja ya ufukweni, mwaka wa nne sasa, kwa mikataba ya msimu. Mwezi uliopita tuliambiwa hoteli itatukatia bima ya matibabu ya kampuni, juu ya ile SHA, bima ya afya ya serikali tunayokatwa kwenye mshahara. Tulifurahi kweli. Kisha zikaja fomu za kurasa nne. Zinauliza kila ugonjwa niliougua, dawa ninazomeza, mimba zilizoharibika, na magonjwa ya mume na mtoto. Meneja amesema tuzijaze na kuziweka mezani kwake kabla ya Ijumaa, wazi, bila bahasha, apate kuzikagua. Asiyeleta asitarajie mkataba msimu ukianza Julai.

Nina kifafa tangu utotoni. Vidonge vyangu naviweka ndani ya kopo la hina, na kopo halitoki mkobani. Huu ni mwaka wa sita sijaanguka. Kazini hakuna anayejua. Wakijua watasema nina mapepo, na sidhani kama nitaachiwa tena ufunguo wa chumba cha mgeni. Nimefikiria niandike "sina ugonjwa wowote" yaishe. Nifanyeje?

Mwenye kopo la hina, Maweni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Usiandike "sina". Nalitanguliza hilo kwa sababu Ijumaa haiko mbali, na kosa hilo litakuumiza wewe, si meneja. Bima husimama juu ya ukweli wa anayeiomba. Siku utakapolazwa, Mungu apishe mbali, kampuni inaweza kuomba faili lako la hospitali, ikute dawa za kifafa za miaka na miaka, irudi kwenye fomu isome "sina", na bili ibaki mikononi mwenu. Ukisema kweli huenda wakakuwekea muda wa kungoja kabla ya kulipia matibabu ya kifafa, au wakaweka kiwango cha mwisho. Waulize hayo kabla hujatia saini. Lakini utakuwa na bima unayoweza kuitegemea.

Ila ukweli huo ni baina yako na kampuni ya bima. Meneja hayumo. Hoteli inalipa, kwa hiyo ina haki ya kujua majina yenu, nambari za vitambulisho, tarehe za kuzaliwa na idadi ya wategemezi, na mwisho wa hesabu itapewa bei ya kundi zima. Unachomeza usiku si chake. Tazama hiyo SHA yenyewe. Tangu ilipoanza Oktoba 2024, mwajiri anakata asilimia 2.75 ya mshahara wako na kuipeleka kila mwezi, na hahitaji kukuuliza hata kama umeumwa na jino.

Nataka nikueleze kwa nini jambo hili linanigusa. Nilikuwa karani wa ofisi ya wafanyakazi katika hoteli moja hapa hapa Malindi, mwaka ule wa mvua za El Niño. Zilikuja fomu kama zenu. Hakuna aliyenifundisha kuwa ni siri, nami sikujiuliza. Nikazikusanya ndani ya kikapu cha ukili, nikakiweka juu ya kaunta, nikaenda kuswali adhuhuri. Fomu ya juu kabisa ilikuwa ya mhudumu mmoja wa mezani, kijana mpole, mwandiko mzuri. Alikuwa ameandika kwa uaminifu kwamba aliwahi kutibiwa kifua kikuu na amemaliza dawa zote. Mtu mmoja wa stoo akapita kuchukua funguo, akaisoma.

Kesho yake saa nne ya chai niliingia kantini. Vikombe vya bati vyote vilikuwa kwenye sinia kama kawaida, vimefunikwa kitambaa. Kimoja kilikuwa peke yake kwenye kizingiti cha dirisha, kimetiwa alama ya rangi ya kucha kwenye mkono wake. Kijana akaja, akatazama sinia, akatazama dirisha, akaenda kukichukua kile. Hakusema neno. Alikinywea wiki tatu, kisha akaacha kazi. Hakuwa anamwambukiza mtu yeyote. Kikapu nilikiweka mimi, na mpaka leo nikiona rangi ya kucha ile nyekundu moyo hunienda mbio.

Basi nikikwambia usiiweke fomu yako wazi juu ya meza ya mtu, najua ninachokisema.

Na sheria iko upande wako. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inakupa haki ya kutodaiwa habari za familia yako na mambo yako ya faragha pasipo haja. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na hali ya afya imetajwa humo kwa jina. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nayo inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, pamoja na habari za mumeo na mwanao. Inataka zishughulikiwe na mhudumu wa afya au chini ya dhamana yake, au na mtu aliyefungwa na sheria kutunza siri ya kikazi. Meneja wa hoteli si huyu wala si yule. Inataka pia uelezwe kabla: habari hizi ni za nini, na nani atazipata. Na hiyo saini ya "leta au hupati mkataba", sheria haiihesabu hivi hivi kuwa ridhaa. Ridhaa ni ya hiari, na aliyeitoa anaweza kuiondoa.

Kama fomu hiyo ina swali la virusi vya UKIMWI, jua kwamba sheria ya mwaka 2006 inamkataza mwajiri kukulazimisha kupima ndipo upate kazi au uendelee nayo.

Sasa cha kufanya. Usiende kwa meneja na vifungu mkononi, mwanangu. Nimewaona mameneja wengi. Wengine wanataka tu kuhakikisha hakuna aliyesahau saini. Ukurasa wa kwanza, wenye jina na kitambulisho, mwachie akague apendavyo. Kurasa za afya zitie kwenye bahasha, ufunge, uandike jina la kampuni ya bima na neno SIRI, na utie saini yako juu ya pale inapofungikia, ili ikifunguliwa ijulikane. Kabla ya kufunga piga fotokopi ubaki nayo. Kisha mpe barua fupi. Unaweza kuandika hivi:

"Bwana Meneja, fomu ya bima nimeijaza yote. Kwa kuwa ina habari za afya yangu na za familia yangu, nimezifunga kurasa hizo kwa ajili ya kampuni ya bima peke yake. Naomba ziwasilishwe kama zilivyo, au nipewe anwani ya ofisa wa bima nizipeleke mwenyewe. Nakushukuru kwa kutujali kwa bima hii."

Barua iwe na tarehe, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Nenda na wenzako kama wawili watatu watakubali. Sidhani kama ni wewe peke yako mwenye jambo. Kama mna mwakilishi wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, hapo kazini, mwambie abebe ombi kwa niaba ya wote, hapo hakuna atakayeonekana ndiye mwenye ugonjwa.

Akikataa, au akaifungua, au Julai ukanyimwa mkataba kwa sababu hiyo, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Si lazima uwe na wakili. Sheria inaruhusu ulalamike kwa maandishi au hata kwa mdomo, nao ndio watakaoandika, na uchunguzi unatakiwa uishe ndani ya siku 90. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya kampuni, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu au hali ya akili, kwa hiyo hata ofisi ya kazi wanapaswa kukusikiliza.

Bado kuna jambo moja, nalo nakuachia uamue mwenyewe. Chagua mwenza mmoja wa zamu unayemwamini, umweleze. Si kwa ajili ya meneja, ni kwa ajili yako. Mfundishe kwamba ukianguka akulaze ubavu, aondoe vitu vigumu karibu nawe, atazame saa. Ikipita dakika 5 uko vile vile, hospitali. Asikutie kijiko mdomoni, asikubane mikono, asikunusishe kiatu. Mapepo hayamo. Na vidonge usiviruke hata usiku mmoja kwa kuogopa kopo kuonekana.

SWALI

Mimi ni mpishi, natoka Mtangani. Nimesikia habari za siri ya mfanyakazi. Je, naweza pia kukataa kumwonyesha mwajiri cheti changu cha afya cha kushika chakula?

JIBU

Hapana, baba. Hicho ni kitu kingine. Anayeshika chakula cha watu hupimwa kila miezi 6, na mwajiri anatakiwa awe na cheti chako, maana mkaguzi wa afya ya umma akija atakidai. Lakini cheti husema tu kwamba unafaa kushika chakula. Karatasi ya maabara yenye majibu ya choo chako ni yako, na hakuna haja ya kuibandika ukutani jikoni kama nilivyoona mahali fulani. Ukiona yako imebandikwa, omba ibanduliwe leo hii, ubaki cheti peke yake.