Maswali yenu: kazi ya kuwarudishia marehemu majina yao

Tangu niandike humu kwamba kumtambua aliyekufa katika maafa makubwa si kazi ya mochwari peke yake, maswali yamemiminika. Nimechagua saba. Yaliyokuwa marefu nimeyafupisha.

Mama amemzaa mwanawe na kumlea. Kwa nini azuiwe kuingia mochwari kumtambua kwa macho?

Hili limeletwa na wengi, baadhi kwa hasira ninayoielewa. Hakuna anayetilia shaka mapenzi ya mama. Tatizo ni uso. Moto, maji na kishindo huuharibu. Maiti iliyokaa siku kadhaa kwenye joto huvimba na ngozi hubadilika rangi, hata watu wawili ambao wakiwa hai hawakufanana kabisa wakaanza kufanana. Ongeza hofu, usingizi uliokosekana na safu ya miili mbele yako: mtu huona anachokitafuta, au hukataa kukiona. Nguo na pete nazo hudanganya, maana watu huazimana, na mafuriko yanaweza kuuacha mkoba wa huyu ubavuni mwa yule.

Jina moja likikosewa, familia mbili zinaumia: moja inazika asiye wao, nyingine inaendelea kumtafuta mtu aliyekwisha kuzikwa. Mei 2003, ndege aina ya Yak-42 iliyokuwa ikiwarudisha nyumbani wanajeshi 62 wa Hispania kutoka Afghanistan ilianguka karibu na Trabzon, Uturuki. Miili ilisafirishwa na kuzikwa haraka haraka. Baadaye vipimo vya vinasaba (DNA) vilionyesha kwamba 30 kati ya hao 62 walikuwa wamepewa majina yasiyo yao. Makaburi yakafukuliwa, na kesi ikafika mahakamani.

Mama atamwona mwanawe akitaka. Ila iwe baada ya jina kuthibitishwa, na awe ameelezwa kwanza atakachokiona.

Nimepewa kazi ya kuandaa mpango wa utambuzi. Timu niigawe vipi, na nani awe na kauli ya mwisho?

Interpol, shirika la kimataifa la polisi, ina mwongozo wake wa kazi hii tangu 1984, na ndio unaofuatwa na timu nyingi duniani. Ukiufungua mara ya kwanza utaogopa wingi wa fomu. Njia nyepesi ya kuuelewa ni kufuata safari ya mwili mmoja na kutazama nani amesimama wapi.

Pale ulipoangukia, wapelelezi na wapiga picha wamegawa eneo kwa miraba. Kila mwili, na kila kiungo kilichotengana, hupewa namba yake hapo hapo, hupigwa picha na mahali pake huandikwa. Saa iliyo mkononi inabaki mkononi. Hakuna anayetaja jina, hata kitambulisho kikiwa mfukoni. Namba hiyo haibadilishwi mpaka mwisho.

Mochwari, mwili hupita kwa wataalamu mmoja baada ya mwingine: mpiga picha, mtaalamu wa alama za vidole, wa eksirei, daktari wa patholojia (anayepasua na kuchunguza maiti), daktari wa meno, mchukua sampuli za vinasaba, na mtaalamu wa mifupa pale palipo na kuungua au kuvunjikavunjika. Pembeni ya kila mmoja awepo mwandishi, kwa sababu mwenye glavu zenye damu hashiki kalamu. Kabla mwili haujarudi kwenye baridi, mtu mmoja ambaye hana kazi nyingine hukagua kama fomu imekamilika. Fomu hiyo ni ya pinki.

Wakati huo huo, mbali na mochwari, timu nyingine imekaa na wafiwa ikijaza fomu ya njano: makovu, upasuaji, chuma kilichowekwa mguuni, jina la daktari wa meno, ndugu wa damu walio hai. Hapa wanahitajika wapelelezi wanaojua kusikiliza, wakiwa na washauri nasaha.

Halafu unakuja upatanisho, ambapo njano hulinganishwa na pinki. Njia zenye uzito wa kusimama zenyewe ni tatu: alama za vidole, meno na vinasaba. Namba ya kipekee ya kifaa kilichopandikizwa mwilini nayo ina nguvu. Michoro ya ngozi, makovu na mali husaidia tu. Matokeo huenda kwenye kamati ya utambuzi yenye wataalamu wa kila fani, na anayetia sahihi ni yule ambaye sheria ya nchi imempa mamlaka juu ya kifo, awe hakimu, mchunguzi wa vifo au ofisa mwingine.

Ushauri wangu, ambao si kila mtu ataupenda: kiongozi wa operesheni yote asiwe daktari wa patholojia. Huyo anahitajika mezani. Weka msimamizi mmoja asiyegusa mwili wowote, na chini yake mkuu wa kila sehemu. La pili ni kwamba kila mtaalamu atataka kukimbilia mochwari, na chumba cha njano kitabaki na watu watatu na simu moja. Usikubali. Fomu za pinki zitarundikana zikiwa kamili na hazitakuwa na za kulinganishwa nazo. Ninapoulizwa kwa nini utambuzi umekwama, huanza kuuliza habari za njano.

Na siku ya kwanza, kabla ya sampuli yoyote kuchukuliwa, viongozi waamue kwa maandishi: je, kila kipande kitapimwa mpaka cha mwisho, au kazi itakoma kila marehemu atakapopata jina? Uamuzi huo ukichelewa, maabara itauamua yenyewe kwa kuishiwa fedha.

Mimi ni daktari wa meno mwenye kliniki ndogo. Nikiombwa faili la mgonjwa aliyefariki, nitoe nini?

Toa vyote, na vya asili: chati, eksirei, picha, hata umbo la plasta la meno kama lipo. Baki na nakala na uandikiwe umempa nani. Usiandike muhtasari, na usisahihishe chochote hata ukigundua ulikosea zamani. Andika maelezo ya kosa hilo kwenye karatasi ya pembeni. Hakikisha eksirei zina tarehe na zinaonyesha upande wa kulia ni upi. Filamu iliyogeuzwa imeshawapotezea watu siku nzima.

Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, Thailand peke yake ilikuwa na maiti zaidi ya 5,000, na timu zilitoka nchi nyingi. Wageni wengi walitambuliwa mapema kwa meno kwa sababu faili zao zilikuwepo makwao. Kwa Wathai wengi njia hiyo haikufika mbali, kwani huwezi kulinganisha meno na faili ambalo halipo. Ndiyo maana picha ya mtu anayecheka, meno yakionekana vizuri, nayo ipokelewe.

Mume wangu hajulikani alipo. Naweza kutoa damu yangu ipimwe vinasaba?

Pole sana, dada yangu. Damu yako peke yake haitamtambua, kwa kuwa hamna undugu wa damu. Wanaohitajika kwanza ni wazazi wake na watoto wake wa kuzaa. Ndugu wa baba na mama mmoja hufuata. Kama mna mtoto, sampuli yako ikiwekwa pamoja na ya mtoto inasaidia, maana wataalamu hutenga kilichotoka kwako na kinachobaki ni cha baba. Mswaki wake na wembe wake usivisafishe. Vifunge kwenye bahasha ya karatasi, mfuko wa plastiki hutunza unyevu. Kama ana pacha wa kufanana waambie mapema: vinasaba vyao haviwezi kutofautishwa kwa vipimo vya kawaida, ila alama za vidole hutofautiana.

Si afadhali wazikwe upesi kabla hawajaleta magonjwa?

Hapana. Waliokufa kwa kuzama, kuungua au kuangukiwa na jengo hawaleti mlipuko wa magonjwa, na Shirika la Afya Duniani limelisema hilo mara nyingi. Waliouawa na kipindupindu au Ebola ni habari nyingine. Kwa waliokufa kwa maafa, tafuta makontena ya baridi, nyuzi 2 hadi 4. Yasipopatikana, zika kwa muda: kila mwili na namba yake isiyoharibika na udongo, kwa safu moja bila kulaza mmoja juu ya mwingine, na ramani itunzwe. Kaburi la pamoja lisilo na ramani hufanya kazi ya utambuzi ianze upya, tena ikiwa ngumu zaidi.

Kwa nini wengine hutambuliwa ndani ya wiki na wengine hawapatikani kabisa?

Cha kwanza ni orodha. Ndege ikianguka, majina ya abiria yanajulikana. Soko likiungua, hakuna anayejua waliokuwemo. Cha pili ni hali ya mabaki. Ndege ya abiria ya Malaysia, MH17, ilidunguliwa Ukraine Julai 2014 ikiwa na watu 298, na wote wametambuliwa isipokuwa wawili. Katika minara ya New York, Septemba 2001, walikufa 2,753; miaka zaidi ya 20 baadaye, takribani asilimia 40 yao bado hawana hata kipande kilichothibitishwa kuwa chao, ingawa orodha ya majina ipo.

Familia ina haki ya kujua mwili umefanyiwa nini?

Inayo. Mwaka 1989 boti ya Marchioness ilizama katika mto Thames, London, wakafa watu 51. Zaidi ya miili 20 ilikatwa mikono ili kuchukua alama za vidole, na wafiwa wengi hawakuambiwa. Uchunguzi wa jaji uliochapishwa 2001 ulisema mikono isikatwe isipokuwa hakuna namna nyingine, na kwamba familia zipewe taarifa za kweli mapema iwezekanavyo.

Kwa hiyo ulizeni, na mwulize kwa maandishi. Lipo swali moja ambalo ofisa naye anapaswa kuwauliza ninyi, na jibu lake libaki kwenye faili: kama baada ya mazishi kitapatikana kipande kingine cha mpendwa wenu, mnataka kuitwa kila mara, kuitwa mara moja tu kazi ikiisha, au msiitwe? Ndani ya nyumba moja majibu yanaweza kutofautiana. Kaeni kikao kwanza, kisha mmoja aandike.