Kabla hujanunua hedifoni zilizofungwa nyuma, jaribu sponji

Wanaoanza huuliza kwanza bei na jina la kampuni. Anza na sponji, yaani mito laini inayozunguka sikio. Besi ya hedifoni zilizofungwa, yaani zenye vikombe vilivyozibwa upande wa nje, inategemea hewa iliyobanwa kati ya spika na sikio. Upenyo mdogo tu, hata wa unene wa mkono wa miwani, unatosha kuivujisha, na kinachobaki ni sauti nyembamba inayokwaruza. Hedifoni nyingi nzuri hulaumiwa bure kwa sababu hii.

Dukani, zivae jinsi utakavyozitumia: na miwani yako, rasta zako, hijabu yako. Piga wimbo ambao besi yake unaijua vizuri, halafu bonyeza vikombe vyote viwili taratibu kwa viganja. Besi ikipanda ghafla, kuna upenyo. Rekebisha urefu wa upinde, sogeza nywele, rudia. Ikiendelea hivyo, jaribu aina nyingine, hata kama hiyo inasifiwa na kila mtu. Kaa nazo kichwani dakika 20. Zinazobana taya mapema hazitavumilika kwenye kazi ya saa tatu.

Kwa studio, shida kubwa ni sauti kuvuja hadi kwenye maiki. Pima hivi: mwimbaji avae hedifoni, asimame sentimita 20 kutoka kwenye maiki, klik (mlio wa kuhesabu mdundo anaousikia kwenye hedifoni) iwe kwenye sauti anayoitaka, kisha anyamaze huku unarekodi kwa sekunde 30. Ongeza desibeli 20 kwenye ulichorekodi na usikilize. Ukisikia tik tik tik, ujue kompresa, kifaa cha kusawazisha sauti ndogo na kubwa, nayo itaiinua baadaye, hasa mwisho wa wimbo, biti inapokatika na sauti ya mwimbaji kubaki peke yake. Punguza klik, au badilisha mlio wake mkali uwe mzito kidogo. Mwimbaji anayependa kuacha sikio moja wazi, mpelekee klik upande aliouvaa tu, na kikombe cha pili akiegemeze kichwani, kisibaki kinaning'inia kimeelekea maiki.

Sasa namba ya omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, ambayo huwapotosha wengi. Beyerdynamic DT 770 Pro imeuzwa kwa omu 32, 80 na 250. Kwa volti 1, ile ya 32 inapata takriban miliwati 31, ile ya 250 inapata 4 tu. Ndiyo maana ya 250 ikichomekwa kwenye simu husikika kama imechoka. Inahitaji amplifaya au saundi kadi yenye nguvu. Anayetumia simu na laptopu achague 32 au 80. Sony MDR-7506 (omu 63) na Audio-Technica ATH-M50x (omu 38) hazisumbui kwenye vifaa vya kawaida. Tofauti yao kubwa ni waya: wa Sony haung'oki, wa M50x unang'oka. Waya hukatika mara nyingi karibu na jeki. Unaong'oka unaubadilisha mwenyewe, usiong'oka unahitaji fundi mwenye mkono mtulivu wa kuchomea.

Kwa safari, zinazozima kelele kwa umeme zinasaidia sana kwenye ngurumo ya basi au ndege, lakini sauti za watu bado hupenya. Usirekodi kwa Bluetooth: sauti huchelewa, na mwimbaji ataimba nyuma ya mdundo bila kujua kwa nini.

Nyumbani, kwenye joto la pwani, sponji za kitambaa cha mahameli hutoa jasho kidogo kuliko za ngozi bandia, ingawa huvujisha sauti zaidi. Za ngozi bandia zifute kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya kazi, bila spiriti, la sivyo zitaanza kubanduka vipande vyeusi vinavyoganda shingoni. Zikifika hapo, badilisha mapema, na tafuta za muundo uleule: sponji nene zaidi husogeza sikio mbali na spika, na besi uliyoizoea kumiksi nayo inabadilika.