Italia kila kinywaji kina saa yake: ushauri kwa anayekwenda likizo

Ndugu uliyeuliza, umesema wewe na shemeji mnakwenda Venezia, Firenze na pwani ya Amalfi mwezi wa sita, na mngependa kujua pombe gani za Kiitaliano mzionje. Mimi ni mtu wa Malindi. Kiitaliano nilikiokota hotelini kule nyumbani, kisha nikaishi Padova, mji jirani na Venezia, miaka sita, mingi nikiwa nyuma ya kaunta ya baa.

Nimeona wageni wengi wakiagiza kinywaji kizuri saa isiyo yake. Kabla ya chakula, Mwitaliano hunywa kitu kichungu kidogo, anasema kinafungua tumbo, ndiyo aperitivo. Mezani ni mvinyo na maji. Akishakula ndipo pombe kali, tena kwa glasi ndogo. Ukiagiza limoncello, pombe tamu ya malimau, kabla ya samaki utaletewa, lakini utamu wake utakufunika ulimi na samaki hutamjua ladha.

Anzeni na spritz. Aperol, pombe chungu kidogo inayotiwa humo, ilitoka Padova mwaka 1919, kwa hiyo nasema na mapenzi ya mtu wa mji. Jaza barafu glasi pana, mimina prosecco, yaani mvinyo mweupe wenye mapovu, sehemu tatu, Aperol sehemu mbili, maji ya soda kidogo juu, kisha kipande cha chungwa. Barafu lazima iwe nyingi. Ikiwa vipande viwili vitatu, vinayeyuka upesi na mnabaki kunywa maji ya rangi. Ukiona Aperol ni tamu mno, omba Select, ambayo Venezia huwekewa zeituni, au Campari, ambayo ina uchungu hasa. Angalieni nguvu pia: Aperol ina kileo asilimia 11, Campari ya huko asilimia 25.

Venezia tafuteni bacaro, vibaa vidogo vya vichochoroni, msimame kaunta na wenyeji. Kukaa mezani Piazza San Marco ni bei nyingine kabisa. Ombeni "ombra", yaani kivuli, nayo ni glasi ndogo ya mvinyo. Wazee husimulia kwamba wauza mvinyo wa zamani walihamisha meza zao kufuata kivuli cha mnara wa kengele wa San Marco. Chukueni na kipande cha mkate chenye baccalà mantecato, samaki mkavu aliyechemshwa akapondwa na mafuta hadi akalainika kama siagi. Shemeji asipopenda uchungu, apate Bellini: prosecco na pichi nyeupe zilizosagwa, kazi ya Giuseppe Cipriani wa Harry's Bar, 1948.

Firenze ni Negroni. Inasimuliwa kuwa mwaka 1919 Count Camillo Negroni aliomba Americano yake, yaani Campari na vermouth nyekundu (mvinyo uliotiwa viungo), itiwe jini badala ya soda. Vyote vitatu ni sawa kwa sawa na vyote ni kileo, kwa hiyo moja kabla ya chakula inatosha. Kwenye nyama agizeni Chianti Classico, chupa yenye alama ya jogoo mweusi.

Sasa limoncello, na hapa nakuomba unisikilize. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua chupa kwenye duka la watalii, ya njano inayong'aa kama rangi ya ukutani. Ilikuwa sukari tupu, nikaamua limoncello si kitu. Aliyenibadilisha ni jirani yangu, mama mzaliwa wa Sorrento. Aliniketisha jikoni kwake, akamenya malimau kwa kisu chembamba, ganda la njano peke yake. Kila nilipochukua na ule weupe wa ndani alinirudishia, maana ndio unaoleta uchungu mbaya. Maganda yakaingia kwenye mtungi wa spiriti ya asilimia 95, ukawekwa kabatini gizani. Baada ya wiki kadhaa spiriti ilikuwa imenyonya rangi yote na maganda yamekauka, yanavunjika mkononi. Tukamimina shira iliyopoa, na palepale kinywaji kikageuka ukungu, kwa sababu yale mafuta ya ganda hayapatani na maji. Kwa hiyo dukani chagua chupa yenye ukunguukungu, na usome kibandiko kama kinataja Limone di Sorrento au Limone Costa d'Amalfi IGP, alama ya kwamba malimau ni ya huko kweli. Inywewe baridi sana, moja kwa moja kutoka friza.

Grappa msiikimbie kwa kuwa inaunguza. Hupikwa kwa makapi ya zabibu, yale maganda yanayobaki mvinyo ukishakamuliwa. Wazee wa Veneto, mkoa wa Venezia, hunywa kahawa, halafu wanatia grappa kidogo kwenye kikombe kilekile, wanakizungusha kisuuze masalio ya kahawa na sukari, kisha wanakunywa. Wanaita resentin. Iombe kwa jina hilo ukiwa Venezia, uone uso wa mhudumu utakavyochangamka.

Kama mtakodi gari, anayeendesha asiguse kitu. Kikomo cha sheria ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na Negroni moja inaweza kukusogeza karibu. Chupa za kurudi nazo ziwekeni kwenye begi kubwa la kupakiwa, mzifunge kwa nguo. Vileo vya kati ya asilimia 24 na 70, limoncello na grappa zikiwamo, haviruhusiwi kuzidi lita 5 kwa abiria wa ndege.